Kasuku Asiyetaka Kupigwa Foto

Koko Pulchérie alikuwa na maneno yake aliyopenda kuyasema kila alipopata mtu wa kumsikiliza: kwamba kutoka Swima mpaka Kazimia hakuna mwanamke aliyeposwa na wanaume wengi kama yeye. Mtu akishangaa na kutaka kujua walikuwa wangapi, anajibu mwenyewe bila haya:

"Bawili. Na wa kwanza alikuwa amekosea nyumba."

Shida ni kwamba watu wa kuambiwa maneno hayo walikuwa wamekwisha. Alishawahi kumwambia mbuzi, na mbuzi akamtazama kama padri mgeni anavyomtazama mtu anayesinzia kwenye misa.

Kijiji kizima kilikuwa kimehamia barabarani, kwenye njia ya kutoka Baraka kwenda Fizi. Watu waliporudi kutoka ng'ambo ya ziwa, baada ya ile miaka ya kukimbia na magodoro kichwani, walikuta vichaka vimeingia mpaka vyumbani, wakaona afadhali wajenge mahali magari yanapopita. Yeye akagoma. Nyumba yake ikabaki peke yake katikati ya michikichi, juu kidogo ya mto Mutambala, na kaburi la mume wake Jérémie likabaki nyuma ya jiko, mahali anapoweza kulisemesha huku anachochea kuni. Binti yake Solange alikuwa bado kambini kule Tanzania, na watoto ambao bibi yao, koko kama wanavyosema huku, aliwajua kwa sauti tu. Simu yake iliingia pale mtandao ulipotaka, na mtandao haukutaka mpaka mwanamke mzee apande juu ya kichuguu.

Jirani alibaki mmoja, mzee Nicolas, mkamua mawese, ng'ambo ya kijito kinachoshuka Mutambala. Huyo walikosana siku mbuzi wake alipokula muhogo wa Koko Pulchérie, na tangu hapo walikuwa wanasalimiana kwa kukohoa. Asubuhi Nicolas anakohoa ng'ambo kule, naye anakohoa huku, basi kila mmoja anajua mwenzake hajafa.

Anawasha moto, anapika, anakula, anaosha sahani. Sahani ya pili haikuwa na kazi, lakini aliiosha pia, isije ikajisikia vibaya.

Sasa, habari ya kasuku ilianzia sokoni Baraka, alikoenda kuuza mawese. Wanawake walikuwa wameketi wanasifu wajukuu wao: huyu amepita mtihani, yule ameota jino, wa tatu anajua kuendesha pikipiki. Koko Pulchérie hakuwa na mjukuu wa kuonyesha. Akajikuta anasema kwamba yeye kwake kuna kasuku. Wa pori kabisa, mkia mwekundu kama pilipili, wanakuja kula ngazi, yale matunda ya mawese, kwenye michikichi yake.

Wote wakamgeukia. Watu wazima wanakumbuka jinsi kasuku walivyokuwa wanapita jioni kwa makundi, wanagombana hewani kama bamama kwenye bomba la maji. Kisha waliuzwa, wakakamatwa, wakaisha, na watoto wa sasa wanawajua kwenye vitabu vya école tu. Na kusema kweli Koko Pulchérie alikuwa ameona kitu. Wakati wa Pasaka, kitu chekundu kilipita juu ya michikichi, mbio. Kinaweza kuwa kasuku. Kinaweza pia kuwa mfuko wa plastiki.

Maneno hayo ndiyo yaliyomleta Fadhili.

Alikuwa kijana wa Baraka, mtoto wa Waislamu wa ufukweni, mpiga foto za harusi na za vitambulisho. Chama kimoja cha kulinda ndege, chenye bureau Uvira, kilikuwa kimemwambia kwamba akileta foto ya kasuku wa pori wa Fizi, aliye hai, juu ya mti wake, asiye na kamba mguuni, watampa kazi ya kweli ya kupiga ndege. Fadhili alikuwa amechoka na mabibi harusi. Akaja na pikipiki, na kamera yenye pua ndefu kama mtutu.

"Jambo, koko. Banasema we njo uko na kasuku."

"Niko nabo," Koko Pulchérie akajibu. "Lakini leo bametoka."

"Bameenda wapi?"

"We unafikiri kasuku anaaga?"

Fadhili akacheka. Kicheko cha mtu mwingine, ndani ya uwanja wake. Koko Pulchérie akashika ufagio akafagia mahali palipokwisha kufagiwa, ili asionekane anafurahi.

"Unataka umukamate?" akauliza.

"Apana, koko. Sheria inabachunga. Kumukamata, kumuuzisha, kumufunga mu nyumba, ata kumukula, yote ni cachot, banakufunga. Foto tu njo banaruhusu."

"Na kumuangalia?"

"Kumuangalia unaweza."

"Asante ya serikali," akasema. "Baba yangu alibakamata mpaka akazeeka. Saa hii angekuwa mu cachot pamoja na ndevu zake."

Hapo hakutania. Zamani, wanaume wa pale walikuwa wanapaka ulimbo kwenye matawi, ule utomvu unaonata, kisha wanajificha chini na kuwaita kasuku kwa mluzi. Kila mkamataji alikuwa na mkia wake wa mluzi, sauti ya mwisho ambayo ni yake peke yake, ili wenzake waliojificha karibu wajue kundi hili limeitwa na nani, watu wasije wakapigana. Mkia wa baba yake ulipanda juu mara mbili, kama mtu anayeuliza swali na hapati jibu. Pulchérie alikuwa anamchukulia kikapu, akaujifunza akiwa bado hajaota meno yake ya pili.

Fadhili akajenga kibanda cha makuti kati ya michikichi, cha kujifichia. Anaingia asubuhi, anatoa ile pua ya kamera kwenye tundu, ananyamaza. Koko Pulchérie hakupenda kile kipande cha kunyamaza. Alipenda kile kilichofuata, jua likiwa kichwani, kijana anatoka miguu imekufa ganzi, anatembea kama bata, anakuja kukaa jikoni. Hapo anapewa bugali na sombe ya majani ya muhogo yenye ndagala, dagaa wa ziwa, na maneno yanaanza. Habari ya bwana harusi aliyepotea katikati ya foto. Habari ya bibi harusi aliyetaka mama mkwe afutwe kwenye picha kwa mashine. Naye Koko Pulchérie akamtolea habari ya wachumba wake wawili, na Fadhili alicheka mpaka tonge likamrudia.

"Ule wa kwanza, alikuwa anatafuta nyumba ya nani?"

"Ya dada yangu."

"Na dada yako alisema nini?"

"Alisema arudi kwangu, sababu alishanisalimia."

Akawa anakuja kila siku isiyo ya harusi. Alimtengenezea bawaba ya mlango. Alimpandia kile kichuguu na simu, akamwonyesha namna ya kusikia maneno ya Solange aliyoyarekodi, kusudi asiyapoteze. Sahani ya pili ikapata kazi.

Kasuku hawakuja. Walikuja njiwa, walikuja hondohondo wenye kelele, akaja kunguru mmoja aliyekaa mbele ya kamera muda mrefu kama anangojea kitambulisho chake. Basi siku moja Fadhili akasema, bila kuinua macho kwenye sombe:

"Koko, kesho kutwa njo mwisho. Ba Uvira banasema kama haiko kitu, banafunga kazi ya huku. Batanituma Bibokoboko, mu milima, nitafute korongo."

"Korongo wa nini? Miguu tu."

"Eko na taji."

"Na mi nilikuwa na taji," Koko Pulchérie akasema, "lakini hakuna mutu alipanda mulima juu yangu."

Fadhili akacheka, lakini kicheko cha mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Alipoondoka, mlio wa pikipiki ulichukua muda mrefu kuisha kule bondeni. Koko Pulchérie alisimama anausikiliza mpaka ukawa mdogo kama mbu, na hata ulipokwisha aliendelea kusimama, kwa sababu hakuwa na jambo lingine la kufanya.

Kesho kutwa ilipofika, kijana akaingia kibandani. Koko Pulchérie akaweka jembe begani, akamwambia anakwenda kupalilia muhogo. Hakwenda. Alizunguka kwa chini, akaingia kwenye kijito, akachuchumaa nyuma ya matete na maji yakamfika kwenye vifundo. Akalowesha midomo. Mara ya kwanza ulitoka upepo tu, maana meno yaliyokuwa yanashika ule mluzi yalikuwa yamekwenda zake. Akapinda ulimi, akatafuta tundu jingine. Mara ya pili ukatoka, mluzi mzima, na ule mkia wa baba yake juu kabisa, ukiuliza.

Mwenyewe alishtuka. Ilikuwa kama baba yake amesimama nyuma.

Alipofika nyumbani, na matope ameyafuta kwa majani, Fadhili alikuwa anakimbia kumfuata.

"Koko, umesikia?"

"Kusikia nini? Mi nilikuwa mu muhogo."

"Kasuku. Karibu kabisa, kule ku matete. Koko, bako. Bako kweli."

"Kwani mi nilikuambia nini?"

Fadhili akamshika mikono yote miwili, akaitikisa, na kamera shingoni ikawa inampiga koko kifuani. Tangu siku ya kumzika Jérémie hakuna mtu aliyewahi kumshika mikono yote miwili. Koko Pulchérie aliiangalia ile mikono kama vyombo vya kuazima.

Uvira wakaongeza muda. Habari ya korongo ikasahaulika.

Kazi ya kuwa kasuku, watu wasiione rahisi. Akihamisha kibanda kijana, inabidi mwanamke mzee ahamishe magoti. Akikaa upande wa mto, yeye anatambaa upande wa kilima. Alijifunza kupiga mluzi na kuondoka kabla kamera haijageuka. Alijifunza kutafuna ngazi na kuzitupa chini ya miti, kwa meno yake matatu ya mbele, azifanye zionekane zimemenywa kwa mdomo wa ndege, na Fadhili alizipiga foto zile ngazi kila upande, kama mabibi harusi. Siku moja alipiga chafya kwenye matete, ikabidi apige mluzi wa pili wenye mafua, ili wawe kasuku wawili na mmoja mgonjwa. Jioni ile kijana alimwambia kwa furaha kubwa kwamba wamekuwa wawili.

"Batazaa," Koko Pulchérie akasema.

Alijua vizuri jambo analolifanya. Akimwambia kweli, Fadhili atakwenda asirudi. Akija kasuku wa kweli akapigwa foto, Fadhili atakwenda vilevile, kwa furaha, na kwa kwenda ni mamoja. Ndege mmoja tu ndiye angemrudisha kijana kila mara, na ni yule asiyeonekana.

Lakini Fadhili alikuwa anakonda. Alisema hata msikitini anausikia ule mluzi. Alikuwa amekataa harusi kubwa ya Kazimia, ya mwenye maboti, kwa sababu siku ile kasuku angeweza kutoka. Alisema hayo huku anacheka, na midomo imekauka kwa kukaa bila maji kibandani. Koko Pulchérie akamtazama, akafungua mdomo amwambie.

Kilichotoka ni: "Ongeza sombe."

Kisha Fadhili akapotea. Siku zake zikapita, hakuja. Koko Pulchérie akapika, akafunika chakula, akakifunua jioni akala nusu. Alikwenda kukiangalia kibanda. Majani yalikuwa yameanza kukauka na buibui alikuwa ameshona lile tundu la kamera. Alikaa ndani, mahali anapokaa kijana. Kukaa mle na kutazama michikichi isiyo na kitu, hivyo tu, saa kwa saa. Hakuwa amejua kwamba ndivyo ilivyo. Ng'ambo Nicolas akakohoa. Hakumjibu.

Kilichomshika Fadhili ni hiki. Wale wa Uvira walikuwa wamesema kama foto haipatikani, basi wapewe sauti. Akafunga kidude cha kurekodi, kidogo kama kiberiti, kwenye mti ulioinama juu ya matete. Hakumwambia mtu yeyote, hata koko, kwa sababu kitu kilichoachwa mtini huku hakilali pale ikisikika kwamba kipo. Kidude kilirekodi mchana kutwa. Akakitoa, akahamishia sauti yote kwenye simu, akasikiliza mpaka alipokuta mluzi, akakata kile kipande na kukituma, maana mtandao wa Baraka haubebi zaidi ya hapo. Yaliyobaki hakuyasikiliza. Sauti ya mto siku nzima, nani ana subira nayo?

Majibu ndiyo yaliyomrudisha, na hakurudi peke yake.

Koko Pulchérie alisikia pikipiki akavua kitambaa cha jikoni akafunga kile cha misa. Kumbe ni pikipiki mbili. Ya kwanza ni Fadhili na Patrice, chef wa kijiji, wa pale barabarani. Ya pili ni mwanamke wa makamo, kombati ya kijani, viatu vya kufunga mpaka juu. Akajitambulisha: Rosette, wa kazi ya mazingira, kutoka Fizi. Fadhili alisalimia kwa sauti ndogo, hakukaa.

"Mama," Rosette akasema, "batu ba Uvira bamesikiliza ile sauti. Banasema ni kasuku."

Koko Pulchérie, Mungu amsamehe, alijisikia fahari. Watu waliosoma mpaka ng'ambo wamemsikiliza kwa masikio yao, wakasema ni kasuku.

"Lakini banasema mwisho wa ule mluzi si wa mu pori. Inapanda vile, mara mbili. Kasuku wa pori haimbi vile. Huyu amefundishwa na mutu. Donc hapa kuna mutu eko na kasuku mu nyumba, na hiyo ni kosa kubwa."

Fahari ikaisha.

Pale kulikuwa na nyumba mbili tu, kwa hiyo kupekua hakukuchukua muda. Kwa Koko Pulchérie walikuta kitanda, vyombo, picha ya Bikira Maria na jembe. Wakavuka kijito kwenda kwa Nicolas. Koko Pulchérie alibaki uwanjani akiwaona kati ya miti, wanainama, wanaingia, wanatoka. Waliporudi walikuwa naye, anachechemea na fimbo, na Patrice amebeba tundu la mianzi lenye manyoya kidogo chini.

"Ni ya bifaranga," Nicolas alikuwa anasema. "Chef, we unajua bifaranga yangu. Mwewe anabakula, njo nabaweka mule."

"Nakujua, mzee," Patrice akasema, haangalii mtu. "Lakini na bazee banajua we ulikuwa unakamata kasuku zamani. Ulikuwa unabapeleka ku boti za Kazimia."

"Zamani kila mutu alikamata. Ata baba ya huyu mama."

"Sasa amebaki nani?" Rosette akauliza. "Tutaenda naye Fizi, ataeleza ku bureau."

Fizi ni kupanda, na bureau ikikushika mchana unalala huko. Nicolas alikuwa na goti lililovimba kama papai. Alisimama pale uwanjani kwa adui yake wa mbuzi, na shati limefungwa vifungo vibaya kwa haraka.

"Fadhili, weka ile sauti," Rosette akasema. "Mzee asikie kitu tunamuuliza."

Fadhili akatoa simu. Kile kipande alichokata hakukiona, akafungua rekodi yote ndefu na kuisogeza kwa kidole mpaka mahali pale. Akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, sauti imefunguliwa mwisho. Mto ukasikika. Kisha mluzi.

Nicolas aliinamisha kichwa upande mmoja. Mluzi ulipofika kwenye mkia, ukapanda mara moja, ukapanda mara ya pili, fimbo yake ikaacha kuchora ardhini. Aliwahi kulala kwenye nyasi zilezile na baba yake Pulchérie, ulimbo mkononi, akingojea makundi yaleyale. Hakuna mtu mwingine aliye hai aliyeweza kujua ule mkia ni wa nyumba gani. Akainua macho polepole, akamtazama Koko Pulchérie. Koko Pulchérie akatazama vidole vyake vya miguu.

Nicolas akakohoa.

"Siujue ule mluzi," akasema. "Masikio yangu imezeeka."

"Basi twende, mzee."

"Twende."

Akaanza kutafuta njia ya kupanda kwenye pikipiki na lile goti. Koko Pulchérie aliona jinsi Patrice alivyomshika kwapani, na Nicolas alivyouma meno asipige kelele. Aliona pia Fadhili amekaa kwenye kigogo, mikono mitupu kati ya magoti; kwa maana kama kasuku ni wa kufungwa nyumbani, basi hana kasuku wa pori, hana foto, hana kazi, na kilichobaki ni kwenda zake.

"Mumuache huyo mzee," akasema. "Hana kasuku."

Rosette akageuka. "We unajua aje, mama?"

"Sababu nilimuona."

"Ulimuona nani?"

"Kasuku. Ametoroka ku mutu, kule Kazimia ao wapi, mi sijue. Eko na kipande ya kamba ku mguu." Alipokwisha kuanza, maneno yalimjia yenyewe, yamepangwa vizuri, kama bamama wanaokwenda kupokea mkate wa misa. "Ule njo anaimba na mwisho ya kufundishwa. Lakini hayuko peke. Amekutana na benzake ba pori. Anabaongoza."

"Uliona na benzake?"

"Bengi. Mikia nyekundu tupu. Jana, mi nilikuwa nimekaa hapa hapa mbele ya mlango, nachambua sombe, naye juu ya ule mchikichi, anapiga mluzi, na bale bengine banamujibu."

Fadhili akasimama. Uso wake ulirudi wote kwa mara moja, kama taa zinavyorudi Baraka.

"Koko, banamujibu? Bale ba pori?"

"Banamujibu."

"Madame, unaona? Inawezekana. Wa kufungwa akitoroka anaweza kujiunga na kundi." Alikuwa amemshika Rosette mkono wa kombati. "Mi nabaki. Koko, nabaki leo, na kesho asubuhi nahamia ule upande. Nitalala ata mu kibanda."

"Utalala mu nyumba," Koko Pulchérie akasema. "Mi siko mwewe."

Rosette alitafakari. Alimwangalia Nicolas ambaye mguu mmoja ulikuwa juu ya pikipiki na mwingine chini, akaangalia lile tundu la vifaranga, akaangalia njia ya Fizi na jua. Ilionekana hata yeye hakuwa na hamu ya kupanda ule mlima na mzee mgonjwa mgongoni.

"Mama, hayo unasema, unaweza kuyasema ku bureau? Kwamba ulimuona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu yote mbili."

"Na we mwenyewe haujawahi kumuita, kumupa chakula, kumufundisha?"

"Mi?" Koko Pulchérie akacheka kidogo. "Na hii meno? Mi ata mbuzi siwezi kumupigia mluzi. Nasema mbele ya Jérémie pale nyuma ya jiko."

"Bon," Rosette akasema. "Mzee, shuka."

Nicolas akashuka, taratibu, na Patrice akamrudishia fimbo. Watu walipumua. Na kwa kuwa walinyamaza wote pamoja, ndipo wakasikia kwamba simu ilikuwa bado inasema peke yake juu ya kinu. Hakuna aliyeizima. Wakati wote ule wa maneno ilikuwa inatoa mto, mto tu, na matete yanasuguana.

Fadhili akanyoosha mkono aizime. Matete ya ndani ya simu yakafanya kelele kubwa, kama mtu anayeinuka. Kitu kikatemwa majini.

"Uii, magoti yangu," simu ikasema.

Mkono wa Fadhili ukabaki hewani.

"Jérémie, umeona? Amesikia. Saa hii moyo unamuruka." Sauti ilikohoa, ikapumzika, na iliporudi ilikuwa imeshuka, sauti ya mtu asiyetegemea kujibiwa. "Atarudi. Hawezi kuacha. Nitamupikia na ndagala. Mi sitaki kingine, akae tu pale jikoni, aseme-seme." Matete. Maji. "Lakini ule mwisho nimeuvunja leo. Baba angenipiga. Ngoja niurudie."

Simu ikapiga mluzi, taratibu, ukapanda mara moja, ukapanda mara ya pili. Nicolas alikuwa anaangalia chini. Wale wengine watatu waligeuka, wakamtazama Koko Pulchérie mdomoni.